Jina Nililolisoma Siku ya Kura za Mto

Bhoke mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba utazame ni nani aliye karibu nawe. Kama ni shangazi yako Wankyo, aga kwa adabu uende uani. Kama ni mtu mwingine yeyote, hata mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, kunja karatasi hizi uzirudishe chini ya gazeti nililotandika kwenye tranka lako, usubiri mpaka uwe peke yako. Yaliyomo humu usimsimulie mtu. Rafiki utakayempata shuleni asiyajue, na mwalimu utakayempenda asiyajue. Ukimaliza kusoma, zitie jikoni uziangalie zikiungua mpaka zile pembe, maana pembe ndizo hubaki.

Najua umekasirika. Shule haijafunguliwa, wenzako bado wanacheza, na wewe unapelekwa Kisaka kwa shangazi wiki mbili kabla ya wakati. Nilikusikia ukimuuliza mama yako, "Baba ananifukuza?" Sikufukuzi. Kuna karatasi moja ndogo yenye mwandiko wako, na kuna mtu anayetaka kujua ni mwandiko wa nani. Sikutaka akukute hapa siku atakayojua. Jambo lenyewe ni hilo, na mengine yote nitakayokuandikia yanatokana nalo.

Ni Jumapili mchana. Nipo ofisini peke yangu, watu wako kanisani, nawasikia wakiimba. Nimefunga mlango kwa ndani na kufungua jalada la mikutano mezani, ili mtu akichungulia dirishani aone ninafanya kazi. Pikipiki imepita mara mbili, mara ya pili polepole. Labda ni mtu anayetafuta duka lililo wazi. Siku hizi kila kitu nakiona hivyo.

Kuhusu sabuni, shuka, ndoo na namna ya kuishi na wenzako bwenini, mama yako amekwisha kukueleza, na anayajua kuliko mimi. Mimi nataka nikueleze mambo niliyoyaharibu.

Ulikuwa na miaka sita nilipokubeba mabegani hadi pale kijito chetu kinapoingia Mto Mara. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu siku tatu mfululizo, maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ningu walikuwa wanapanda. Wale samaki hukaa ziwani mwaka mzima. Wakisikia maji mapya yanaingia, wanaukamata mto na kuupanda, siku nyingi, mpaka wafike kwenye vijito vyetu ambako mafuriko yamefunika majani, na hapo ndipo wanapotaga. Ulinishika masikio ukapiga kelele, "Baba, wamekosea njia!" Ulidhani kila kilichomo mtoni lazima kifuate maji.

Mzee Okelo alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, akikagua migono yake. Unamkumbuka. Ni Mjaluo aliyekuja kutoka Rorya akiwa kijana, akajenga kibanda ukingoni, akasuka hiyo mitego yake ya fito, akazeeka pale. Alitoa ningu mmoja mnene, akampapasa tumbo kwa dole gumba, akamrudisha majini.

"Mzee," nikamwambia, "huyo alikuwa mkubwa kuliko wote."

"Ana mayai huyu. Apite."

"Mmoja tu angekuletea hasara gani?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Karani, wewe una ng'ombe nyumbani. Kesho nije nikuchinjie mwenye mimba, nione kama utanikaribisha chai."

Wewe ndiye uliyecheka zaidi. Mwaka ule ndio wa mwisho kuwaona ningu wengi kiasi kile. Bibi yako anasema enzi za usichana wake wanawake walikuwa wakishuka na vikapu, wakirudi wanakausha samaki kwa moshi siku nzima, na wengine waliwapeleka hadi Itiryo kubadilishana na ulezi. Ukimsikiliza unaweza kudhani anatia chumvi. Hatii chumvi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako halijui.

Marwa na mimi tulitahiriwa asubuhi moja. Wewe umemwita baba tangu ulipoanza kuongea, kwa sababu kwetu mtu wa rika la baba yako ni baba yako pia. Watu tuliotahiriwa pamoja hatufichani kitu na hatushtakiani. Tulipopona vidonda tulitaka watu waone kwamba tumekuwa wanaume. Wenzetu walizungumza habari za kuvuka usiku kufuata ng'ombe wa watu. Mimi niliogopa ng'ombe wa watu. Nikatafuta jambo jepesi ambalo lingeonekana la kiume: nikachukua dawa ya kupe ya babu yako, ile ya kuogeshea ng'ombe, nikamwambia Marwa twende mtoni.

Wazo lilikuwa langu, Bhoke. Yeye alinifuata.

Samaki walielea matumbo juu, wakubwa kwa wadogo, na vyura, na kaa, na wadudu ambao sikuwa nimewahi kujua kwamba wanaishi mle. Tulirudi na magunia mawili, tukashangiliwa. Bibi yako alichukua samaki mmoja, akamtazama macho, akamnusa, akabeba magunia yote mawili akayafukia shimoni bila kuniuliza neno. Siku iliyofuata ndama wawili wa jirani waliokunywa maji chini ya pale wakafa. Watu walisema ni ugonjwa. Mimi niliogopa nikaacha. Marwa hakuogopa, akaendelea. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na kwa miaka mingi nilidhani ni tofauti ya wema.

Nilipomaliza chuo nikarudi hapa kuwa karani, wakanipa na ukatibu wa kamati ya mto. Niliifanya kazi ile kwa moyo, na sehemu yake ilikuwa nzuri. Tuliwaomba wenye mashamba warudi nyuma mita sitini kutoka ukingoni, na wengine walirudi, wakinitukana huku wakirudi. Tulichagua sehemu moja ya kunyweshea ng'ombe ili kingo zisikanyagwe kote. Matete yakaanza kuota tena. Nikatembea na daftari kando ya kijito nikitafuta vilindi ambamo ningu hupumzika kabla ya kupanda kutaga. Nilivipata vitano. Marwa alitembea nami siku zote hizo, akinishikia kamba ya kupimia.

"Katika hivi vitano," aliniuliza siku ya mwisho, "kipi kina wengi?"

Nikamwonyesha. Nilifurahi kuulizwa. Mtu aliyesoma akirudi nyumbani huwa na njaa ya kuulizwa swali.

Kisha nikachora ramani kwa kalamu za rangi, kila kilindi duara jekundu na namba yake, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MAZALIA YA SAMAKI. MARUFUKU KUVUA HAPA. Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Afisa mmoja mgeni alipopita aliisifu, akaipiga picha. Nilitembea kwa maringo wiki nzima. Haikunipita akilini kwamba nimemwelekeza mwizi mlango na chumba.

Mvua za vuli zilipoanza, wewe ndiye uliyekuja kuniambia kuwa maji yananuka. Kilindi cha kwanza kilikuwa kimejaa samaki waliokufa, hata wasiofaa kuliwa, wameachwa tu ukingoni. Siku mbili baadaye cha pili. Ndani ya wiki mbili vyote vitano. Lakini kulikuwa na kilindi cha sita, kidogo, kwenye kona yenye miti mizito, ambacho nilikisahau kukichora. Hicho hakikuguswa. Nilisimama pale nikawaona ningu wachache, migongo yao ikipita chini ya vivuli, nikajua mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, aliyefanya hivi alifuata karatasi yangu. La pili, hakuwa mzee Okelo, maana Okelo alikijua kilindi hicho kuliko yeyote. Kama angekuwa na nia hiyo, angeanza nacho.

Lishike hilo la pili. Nililijua kabla ya siku ya kura.

Tangu hapo nikaanza kumtazama kila mtu. Aliyesimama mbele ya ubao kwa muda mrefu nilimwandika jina. Aliyepita na dumu nilijiuliza lina nini. Niliwahi hata kunusa mikono ya mjumbe mmoja wa kamati nilipokuwa namsalimia, naye akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Marwa sikumnusa. Nilikuwa nikimkwepa hata kwa mawazo.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa hadhara na kura za siri, kama tunavyofanya wezi wa ng'ombe wanapozidi. Unajua utaratibu: kila mtu mzima anaandika jina la anayemshuku, anatumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko, katibu anasoma kwa sauti, jina linaandikwa ubaoni. Asiyejua kuandika humtafuta wa kumwandikia. Bibi yako alikuita wewe, mkaenda nyuma ya ghala.

Sijawahi kukuuliza, na sikulaumu. Uliandika kile ulichoambiwa na bibi yako, na alichokuambia alikiona. Alikwenda mapema kukata nyasi akamkuta Marwa anasuuza dumu kwenye kilindi cha tatu. Marwa akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama," akampisha njia. Bibi yako akaitikia marahaba akapita.

Siku ya kura nilisimama mbele na ile ndoo. Marwa alikaa kwenye benchi la kwanza, miguu ameinyoosha. Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la Okelo, kweli kabisa. Watu wengi walimshuku kwa sababu ni mvuvi, na kwa sababu si wa kwetu. Ya pili haikuwa na jina. Ilisema, "Mwenyekiti arudishe jembe langu."

Watu wakaangua kicheko. "Hilo nalo lipigiwe kura!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Katibu, soma ya mto tu," akasema mwenyekiti, naye akicheka kwa shida. "Na uongeze sauti kama mwanaume, mura, huko nyuma hawasikii."

Nikafungua ya tatu. Ilikuwa na jina la Marwa, na chini yake: "Asubuhi, kilindi cha tatu, na dumu la dawa ya ng'ombe." Nikainua macho, akawa ananitazama. Nikasoma, "Okelo."

Kwa siku nyingi nimekuwa nikijiambia kwamba nilifanya hivyo kukulinda wewe. Si kweli, na sitaki uondoke na uongo huo ukidhani ni zawadi. Jina la Okelo nililisoma kwanza. Mwandiko niliutambua baadaye, nilipokuwa naikunja ile karatasi na kuona imechanwa kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, na ile "k" yako yenye mkia. Woga ulinitangulia. Wewe ulikuja nyuma yake, nikakutumia kama sababu.

Zilikuwapo nyingine mbili zenye jina lake. Hizo nazo nikasoma "Okelo." Ukishasema uongo wa kwanza mbele ya watu, wa pili unatoka wenyewe, na sauti inakuwa imara zaidi.

Unajua kilichotokea kwa mzee yule. Walimpa siku mbili ahame, lakini vijana hawakusubiri hata moja. Migono yake ilichomwa moto ukingoni pale pale alipokuwa akiirudisha mitego majini kila alfajiri. Alipita mbele ya ofisi akiwa na godoro begani. Nilidhani atanitukana. Akasimama mlangoni akasema, "Karani, nilihesabu watu walionitazama usoni. Wewe hukuwamo." Akaendelea na safari. Wiki iliyofuata kamati ilikaa kuchagua mlinzi wa mazalia, kwa kuwa macho ya Okelo hayakuwapo tena ukingoni, na wakamchagua Marwa. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.

Mvua za masika zikianza, ningu waliobaki watapanda tena. Wako wachache, wale wa kilindi cha sita na wengine ambao huenda bado wako ziwani. Watakaribishwa na Marwa, akiwa amevaa koti la ulinzi la kamati. Kama mambo yatabaki hivi, mwaka unaofuata hakutakuwa na cha kulinda, na sisi tutaendelea kukaa vikao.

Sasa turudi kwa ile jioni niliyokufokea mbele ya mgeni. Ilikuuma, niliona. Marwa alikuja nyumbani, ukamwamkia, akakuitikia, "Marahaba, binti yangu," akakusifu. Unakumbuka alichosema?

"Mwalimu wako ananiambia hakuna mwenye mwandiko kama wako darasani. Hebu niandikie barua hapa, mimi vidole vyangu ni vya jembe. Andika tu jina langu juu, nitakuambia mengine."

Akatoa karatasi mfukoni. Ulikuwa umeshakaa na kalamu mkononi. Nikakufokea uende mtoni, ati mtungi hauna kitu, wakati mtungi ulikuwa umejaa na wewe ndiye uliyeujaza. Ulipotoka, Marwa alicheka polepole.

"Umemfukuza binti yangu."

"Ana kazi."

"Mura, nilikuwa mbele siku ile. Karatasi ya tatu jua liliipiga kwa nyuma. Ilikuwa ya miraba. Na wewe ulinyamaza kidogo kabla ya kusoma."

"Nilikuwa napumua."

"Sawa. Zile karatasi ziko wapi?"

"Zilichomwa. Ndio utaratibu."

"Wewe?" Akanipiga bega. "Wewe huwezi kuchoma karatasi. Nakujua tangu tukiwa uchi kwenye baridi. Kuna bibi mmoja aliniona mtoni, na bibi huyo hajui kuandika. Mimi nataka tu kumjua mwandishi wake, nimpe mkono." Akasimama, akakung'uta suruali. "Na kama siku moja utataka kusoma upya, usisahau kuwasomea na habari ya ndama wawili. Dawa ile ilitoka kwa baba yako, si kwa baba yangu."

Alisema kweli kuhusu karatasi. Sikuzichoma. Chuoni nilifundishwa kwamba kumbukumbu haiharibiwi, nikaziweka kwenye bahasha ndani ya jalada la mvua na mazao, ambalo hakuna mtu anayelifungua. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikamwambia mama yako kwamba utakwenda Kisaka mapema, shangazi ni mpweke. Anajua nusu, na hajaniuliza nusu nyingine.

Siwezi kukushauri uwe jasiri. Mimi sijui ujasiri unapatikanaje. Ninachoweza kukuambia ni nilichokiona kwa mtu mwoga, kwa kuwa huyo namfahamu kutoka ndani. Mwoga hafanyi ubaya kwa sababu anaupenda. Anafanya kwa sababu kuna mtu mbele yake anayemtazama, na yule atakayeumia yuko mbali, au ni mzee, au ni wa kabila lingine, au ni samaki. Mimi nimemwogopa Marwa miaka yote hii, na kwa kumwogopa nimemuumiza kila mtu isipokuwa yeye. Siku moja na wewe utashika karatasi na kutazamwa. Sikuambii utafanya nini. Nataka tu ukumbuke kwamba kimya kile kabla ya kusoma kilikuwa kifupi sana, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya kutosha.

Jambo jingine ni hili. Usiwaamini sana watu wanaokuuliza mambo unayojivunia kuyajua. Mimi hata sasa nikisifiwa kazi yangu, natazama mikono ya anayenisifu. Huenda ni ugonjwa. Huenda wewe utapata marafiki wa kweli ukaona baba yako alikuwa mtu wa ajabu, na nitafurahi.

Leo asubuhi, kabla watu hawajaenda ibadani, niliitoa karatasi yako kwenye bahasha nikaenda nayo jikoni kwa bibi yako, nikaitia motoni. Ni mara ya kwanza kuharibu kumbukumbu ya ofisi. Bibi yako alikuwa anakoroga uji wa mtama. Aliitazama ikikunjamana.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ile aliyoandika Bhoke."

"Kwa hiyo sasa hakuna kitu. Yule Marwa amepona."

"Nitasema mimi, mama. Nitakwenda wilayani kwa watu wa uvuvi. Nitaandika kwamba karatasi tatu zilikuwa na jina la Marwa nami nikasoma Okelo. Mbili bado ninazo. Ya tatu nitasema nimeichoma mimi."

Akaacha kukoroga. "Wewe? Wewe unayepita nyuma ya nyumba kumkwepa jogoo wangu?"

"Ndiyo, mimi."

"Watasema ulilipwa. Watasema umegombana naye." Akafuta mikono kwenye khanga. "Niandike na mimi. Macho yaliyoona ni yangu, si ya mtoto. Mtoto alishika kalamu tu."

"Mama, huwezi kutia sahihi."

"Kwani dole gumba langu limekatika?"

Nikaja huku ofisini kuchukua kidau cha wino wa muhuri, nikarudi nacho nyumbani nimekificha chini ya koti. Nimeandika kurasa nne. Nimeandika ramani, na kura, na Okelo. Nimeandika na habari ya dawa ya babu yako na ndama wawili, ili Marwa asibakiwe na kitu cha kunishikia. Nilimsomea bibi yako yote kwa Kikurya. Sehemu ya ndama hakushtuka. Akaweka dole gumba chini ya sahihi yangu, akaligandamiza mpaka karatasi ikatoboka kidogo, kisha akaweka la pili pembeni, bila kuombwa, ili wasije wakasema la kwanza halisomeki. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema ana miaka mingi ya kutosha, na kwamba Marwa akitaka kuja aje, atamkuta anapalilia.

Jina lako halimo popote. Ukiulizwa na mtu yeyote, hukuandika kitu, na sasa hakuna karatasi inayokupinga.

Kesho nitakupandisha gari la asubuhi nikiwa nimevaa nguo za kazi kama kawaida. Usishangae nisipokukumbatia sana. Watu watakuwa wanatazama. Gari lako likiondoka sitarudi nyumbani. Nitakwenda Rorya kwanza, kabla ya wilayani. Zile kurasa nne zinamhusu Okelo kuliko mtu mwingine, na sitaki azisikie kutoka kwa askari. Nataka azisome yeye kwanza, au nimsomee, kwa sauti ile ile niliyoitumia siku ya kura.

Kunipata, fanya hivi. Usipige simu yangu. Huwa naichaji dukani, na Marwa hukaa pale. Shangazi Wankyo ana namba ya mjomba wako, atapiga yeye, na atauliza kama mbegu zimefika. Akijibiwa zimefika, mimi ni mzima na nipo nyumbani. Akijibiwa bado, usilie na usije huku. Mwambie shangazi akuandikie barua kwa mkono wake, si kwa mkono wako, na juu ya bahasha asiandike jina langu. Aipeleke kwa mtu anayekwenda Rorya, upande wa ziwa, kule mto unakoishia. Huyo mtu aulize nyumba ya mzee Okelo, yule anayesuka migono, aliyerudi kutoka kwa Wakurya. Watamwonyesha. Kama mzee amenipokea, nitakuwa ndani. Kama hajanipokea, nitakuwa nimekaa nje karibu na mlango. Anipe barua yangu hapo.

Baba yako